Ugumu Ni Namba, na Namba Iliwekwa na Mtu

Nianze na jambo lenyewe, maana kurasa ni chache na mimi nina mengi. Mtu anayecheza gemu ya dinosaria peke yake, akaingia kwenye setingi na kubadilisha ugumu, hajadanganya. Si mwoga, si mvivu, wala hachezi "ya watoto". Amepiga hesabu ambayo wanaomcheka hawajaipiga. Na maneno wanayomcheka nayo ni yale yale tunayosemwa nayo sisi wote wa kambi hii kila mara kipimo cha chakula kinaposhuka. Ndiyo maana naandika nikiwa na hasira kidogo. Msomaji anivumilie.

Gemu yenyewe inaitwa ARK: Survival Evolved. Ilitengenezwa na Studio Wildcard ya Marekani, ikaanza kuuzwa Juni 2015 ikiwa bado haijakamilika, ikatoka kamili Agosti 2017. Ukiianza unaamka ufukweni, kwenye kisiwa usichokijua, umebaki na nguo ya ndani tu. Huna chakula, huna kisu, huna mtu. Kwenye mkono wa kushoto umepachikwa kitu kama jiwe linalong'aa. Hukukiomba, na hakitoki. Unapiga mti kwa ngumi mpaka upate mbao na nyasi, unaokota mawe, unatengeneza sururu, unawasha moto, unaua dodo mmoja masikini ambaye hata kukimbia hajui, unakula. Kabla jua halijazama umeshakufa mara mbili au tatu. Dilofosaurus amekutemea mate machoni, au rapta wamekuja kwa kundi. Unaamka tena, na vitu vyako vimebaki kwenye mfuko pale ulipofia, ukavitafute.

Baadaye unajifunza kufuga, na hapo ndipo utamu ulipo. Unampiga mnyama mishale yenye dawa ya usingizi mpaka aanguke, unamwekea chakula, unamlinda asiliwe akiwa amelala, unamwongezea dawa asiamke kabla ya wakati. Akiamka ni wako. Unapanda mgongoni, unaona kisiwa kwa mara ya kwanza bila kuogopa kila kichaka.

Kwenye vibanda vya gemu hapa Kakuma wengi wanacheza mpira. Lakini mwenye kibanda ninakokwenda mimi alileta kutoka Nairobi PlayStation 4 ikiwa na ARK ndani. Kila mteja ana akaunti yake na kisiwa chake. Intaneti ya kucheza na watu wa mbali hakuna, kwa hiyo wote tunacheza peke yetu. Bei ni shilingi 50 kwa saa, jenereta ikikubali. Mimi nashona nguo. Nikishafunga cherehani, mara tatu kwa wiki, nachukua saa moja yangu.

Sasa tuingie kwenye setingi. Kabla kisiwa hakijafunguka unaonyeshwa ukurasa wenye mistari mingi ya kuvuta kulia na kushoto. Kuna mstari wa ugumu. Kuna wa kasi ya kufuga, wa kiasi cha mavuno ukikata mti au kuvunja jiwe, wa kasi ya njaa, wa kasi ya kiu, wa maumivu unayopata ukiumwa, wa urefu wa usiku, wa mayai kuanguliwa, wa watoto kukua. Karibu mistari yote hiyo inaanzia namba 1. Vijana wa kibandani wana msemo wao: kucheza "moja-moja". Anayecheza moja-moja ni dume. Anayegusa mistari ni mchakachuaji. Mimi nimeambiwa mara nyingi, tena kwa upole wa kuudhi: "Dada, hiyo si ARK tena. Hiyo ni katuni."

Haya, tuichunguze hiyo moja-moja.

ARK ilitengenezwa kwanza kabisa ichezwe na watu wengi pamoja. Seva rasmi moja ilikuwa inabeba mpaka wachezaji 70 kwa wakati mmoja. Wanajiunga katika makundi ambayo gemu yenyewe inayaita makabila, neno ambalo wengi wetu hapa tukilisikia tumbo linakaza, kwa hiyo nitasema makundi tu. Kundi linagawana kazi: huyu anakata kuni, yule anachimba chuma, wawili wanalinda, mmoja analisha mifugo. Hata vita vya mwisho vimepimwa hivyo. Unapokwenda kupigana na yule buibui mkubwa wa kisiwani, ukumbi wake unaruhusu watu mpaka 10 na wanyama wao 20. Ile namba 1 iliyoandikwa kwenye mistari inatoka huko. Mtu alikaa Marekani akafikiria ulimwengu uliojaa watu, akasema kazi hii ichukue muda huu, wakigawana itatosha.

Wewe uko peke yako. Umepewa kazi ya kundi zima na bado unaambiwa namba isiguswe.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni saa, na nashangaa kwamba mashujaa wa moja-moja hawajawahi kuligusa.

Kwenye seva, dunia haisimami. Wewe ukilala, kisiwa kinaendelea. Mayai yanaanguliwa, watoto wanakua, mimea inaiva. Ni kweli kwamba pia adui anakuja kukuvunjia nyumba ukiwa umelala, na hilo ni balaa lake. Lakini muda unakwenda bure. Ukicheza peke yako, ukizima mashine kila kitu kinasimama pale pale. Ukirudi kesho, yai liko kama ulivyoliacha, halijasogea hata dakika.

Chukua reksi, yule dinosaria mkubwa ambaye kila kijana anamtaka. Yai lake, kwa kasi ya 1, linachukua kama saa 5 kuanguliwa. Mtoto akitoka, anahitaji saa 92 na zaidi mpaka awe mkubwa. Jumlisha: saa 97. Kwenye seva hizo ni siku nne tu za kalenda. Unakwenda kazini, unalala, unarudi, amekua. Kundi linapeana zamu ya kumlisha, maana mpaka afike asilimia 10 ya ukuaji wake hali kwenye hori, lazima umwekee nyama mwenyewe, na asilimia 10 ya saa 92 ni zaidi ya saa 9. Pia anataka kubembelezwa kila baada ya saa 8. Watu kumi wakipeana zamu, ni mchezo.

Mimi nina saa 3 kwa wiki. Saa 97 gawanya kwa 3, wiki 32. Zaidi ya miezi saba. Kwa shilingi 50 kwa saa, ni shilingi 4,850. Kwa reksi mmoja! Na katika miezi yote hiyo sifanyi jingine humo ndani zaidi ya kukaa karibu naye na kumlisha, kwa sababu nikienda mbali anaweza kufa njaa.

Sasa niambie wewe unayesema sote tucheze moja-moja ili tuwe sawa. Namba ni ile ile, 1, kwake na kwangu. Yeye inamgharimu siku nne, mimi inanigharimu miezi saba na pesa ya unga. Usawa uko wapi? Kuandika namba moja kwa watu wawili wenye hali tofauti si haki, ni uvivu wa kufikiri. Na waliotengeneza gemu walilijua hilo kabla yako. Kwenye ukurasa ule ule waliweka kisanduku maalumu cha mtu anayecheza peke yake. Ukikitia alama, kufuga kunakwenda haraka zaidi na watoto wanakua kwa muda ambao binadamu mmoja anaweza kuukaa. Wenye mali wenyewe wamesema: huyu yuko peke yake, tumpimie upya. Wewe ni nani umzidi fundi kwa ukali?

Wapo watakaosema, hata hivyo ni kudanganya. Kudanganya kunahitaji aliyedanganywa. Nikiingia kwenye seva ya watu 70 nikajiongezea nguvu kwa siri, nimewaibia 69. Hilo nalikubali na ningelilaani. Lakini kwenye kisiwa changu hakuna mwingine. Dodo hana wivu. Hakuna kombe, hakuna orodha ya washindi, hakuna aliyepanga foleni nyuma yangu nikampita. Nikivuta mstari wa mavuno ukafika 3, ni nani ameamka na njaa kwa sababu hiyo?

Hoja nyingine ni ya ladha. "Ukirahisisha, inakosa maana." Hii ndiyo hoja pekee yenye kichwa na miguu, kwa hiyo niikalie kidogo.

Ni kweli ukivuta kila kitu mpaka mwisho, gemu inakufa. Ukimfuga reksi kwa sekunde tano, kesho utakuwa nao ishirini na hutawajua kwa sura. Lakini wanaosema hivi wanachanganya vitu viwili na kuviita jina moja. Kuna ugumu wa hatari na kuna ugumu wa kungoja. Ugumu wa hatari ni rapta anapotoka kichakani: lazima uone, uamue, ukimbie au upigane, na ukifa unajua kwa nini umekufa. Ugumu wa kungoja ni kukaa mbele ya mnyama aliyelala ukimwangalia anavyolala. Wa kwanza unakufundisha kitu. Wa pili unapima kitu kimoja tu: una muda kiasi gani wa kupoteza na nani anakulipia.

Mimi ule wa kwanza siupunguzi. Tena niseme jambo ambalo mashujaa wetu hawalijui, kwa sababu kugusa mistari wameona ni aibu. Ule mstari wenyewe ulioandikwa ugumu, ukiuacha chini unakuletea wanyama dhaifu. Levo zao hazizidi thelathini na kitu. Ukiusukuma mpaka mwisho wanafika levo 120, na ukitia alama kwenye kisanduku cha ugumu wa juu kabisa wanafika 150. Ni wakali, ndiyo. Ila mnyama ukimfuga vizuri bila kumkosea anaongezewa mpaka nusu ya levo yake. Wa 30 anakuwa wa 45 hivi. Wa 150 anakaribia 225. Hata vitu unavyookota kwenye yale masanduku yanayoshuka kutoka angani vinakuwa bora. Yaani ugumu huo unalipa: hatari ikipanda, na malipo yanapanda.

Kwa hiyo kisiwa changu kiko hivi, na anayetaka aige. Ugumu, juu kabisa. Maumivu ninayopata nikiumwa, nimeyaacha 1. Kisanduku cha mchezaji mmoja, nimekitia alama. Mavuno, 2, maana mikono ni miwili tu na sina wa kunisaidia kuchimba. Njaa na kiu sijazigusa. Usiku nimeufupisha kidogo, kwa sababu ninalipia saa na gizani hakuna ninachokiona. Hiyo ndiyo "katuni" yangu. Wanaonicheka wana wanyama wa levo thelathini na wanangoja wiki 32.

Sitaki ieleweke kwamba kila mtu aweke kama mimi. Kuna kijana jirani yetu ambaye mkono mmoja haushiki vizuri. Pedi ya gemu ni kazi kwake. Yeye amepunguza maumivu mpaka nusu na njaa mpaka nusu. Anacheza vizuri, anafurahi, amejenga daraja la mawe kisiwani kwake ambalo sijaona mfano wake. Kuna mwingine ambaye usiku wa gemu unamrudisha kwenye usiku mwingine, wa kwetu, na amefupisha usiku mpaka karibu haupo. Ni nani atamwambia mtu huyo acheze moja-moja? Mistari ile ipo kwa sababu watu hawalingani, na anayejua kinachomlemea ni yule aliyeshika pedi.

Sasa nije kwetu.

Kuna dada mmoja wa shirika, silitaji, na yeye ni mtu mwema, watoto wanampenda. Alipita kibandani akatukuta tunacheza. Akasimama, akaangalia jinsi mtu anavyoanza bila kitu, akafurahi sana. Akasema: "Hii ni nzuri, inafundisha ustahimilivu. Ni kama maisha yenu."

Nilimjibu kwa heshima, "Asante madam," maana alikuwa mgeni na haikuwa mahali pa kubishana. Hapa ndipo mahali pake. Madam, si kama maisha yetu. Kwenye ARK nikifa naamka. Kwenye ARK nikikata mti, mti ni wangu, siulizwi kibali, siambiwi kuni ni za wenyeji. Nikitaka kutoka ufukweni kwenda milimani natembea tu. Hapa kutoka nje ya kambi ni kwa karatasi. Na tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwenye ARK ule ukurasa wa mistari uko mikononi mwangu. Naona kila namba. Naona njaa imewekwa ngapi. Nikiona imenizidi, naivuta.

Hapa mistari ipo pia. Msidhani hatujui. Kuna namba ya kilo, kuna namba ya lita za maji, kuna namba ya siku kati ya mgao na mgao, kuna namba ya miaka kati ya usaili na jibu. Mwaka 2025 watu wa Kakuma na Kalobeyei tuligawanywa makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la nne likatolewa kwenye chakula kabisa. Kwenye bloku yetu mjane mwenye cherehani mbovu alijikuta kundi moja na mwenye duka la jumla. Akaenda dawatini kuuliza wamehesabu nini. Akaambiwa mfumo ndio umeamua.

Mimi nimekaa mbele ya mfumo mara tatu kwa wiki kwa miaka miwili, na naomba kuwaambia: mfumo hauamui. Mfumo unafuata namba, na namba huwa imeandikwa na mtu. Mtu alikaa kwenye kiti, akafikiria watu wa aina fulani, akaandika 1. Inawezekana alifikiria vizuri. Inawezekana alifikiria kundi la watu kumi wenye afya, wenye ndugu Nairobi wa kuwatumia pesa, akasahau yule aliye peke yake. Wenye gemu walipogundua hilo waliweka kisanduku cha mchezaji mmoja. Mjane wa bloku yetu kisanduku chake kiko wapi?

Najua pesa za wafadhili zimepungua. Hilo halina ubishi, na nawajua watu wa mashirika waliopoteza kazi zao, wengine walikuwa wateja wangu. Sisemi mtu wa dawatini anaficha unga chini ya meza. Ninachokataa ni lugha. Mfuko ukiwa mdogo, semeni mfuko ni mdogo. Sisi ni watu wazima, tutalia na tutaelewa. Msiseme njaa ni mafunzo. Msituambie tukipunguziwa tutajifunza kujitegemea, kana kwamba tulikuwa tumekaa tukingoja kusukumwa. Ule mstari wa ugumu wa ARK ukipanda, malipo yanapanda. Mstari wa kwetu umepanda miaka yote hii, na sijaona cha levo 150 kilichoshuka kutoka angani.

Tena huo ugumu wetu mwingi ni wa aina gani? Ni wa kungoja. Watu wa nje wakitufikiria wanafikiria hatari, na hatari tulizipita, kila mtu na njia yake. Lakini hapa, miaka kumi, miaka ishirini, kinachotukula ni kungoja. Kungoja mgao, kungoja kibali, kungoja jina kwenye ubao, kungoja simu ya prosesi. Mtu anayeita huko ustahimilivu aje akae mbele ya yai kwa saa 97 bila kuondoka, halafu aniambie amejifunza nini.

Na ninyi vijana wenzangu, hapa ndipo hasira yangu inapokwenda kwenu kuliko kwa madam. Yeye hajui, ninyi mnajua. Mmesimama kwenye foleni zile zile. Mmesikia wazazi wenu wakiambiwa "wamezoea kupewa". Halafu mnaingia kibandani, mnalipa shilingi 50 zenu, mnamkuta mtu amejipunguzia kungoja kwenye kisiwa chake mwenyewe, na mnamwambia maneno yale yale. Mvivu. Amezoea rahisi. Anataka kupewa. Mmejifunza wapi kudhani kwamba mateso yasiyo ya lazima ndiyo kipimo cha mtu? Aliyewafundisha hivyo alikuwa anawapunguzia kilo.

Wazee watasema, na mama yangu mkubwa ameshasema, kwamba mtu mzima mwenye cherehani ana kazi gani na midude ya kwenye skrini. Mama mkubwa, shikamoo. Saa tatu kwa wiki ni shilingi 150. Kwa saa hizo tatu mimi ndiye ninayepanga njaa iwe ngapi na usiku uwe mrefu kiasi gani. Ukinionyesha mahali pengine hapa ninapoweza kufanya hivyo, nitahamia huko kesho asubuhi.

Basi niseme ninachotaka, maana kulalamika bila kuomba kitu ni kupoteza wino.

Wenye vibanda: wafungulieni wateja ukurasa wa setingi. Vibanda vingine vimeufunga, eti watu wasiharibu. Mtu anayelipa kwa saa ana haki ya kujua saa yake inakwenda wapi, na kisiwa ni chake. Na msichana akija akitaka kuanza na mistari iliyolegea, mwacheni aanze. Akizoea atausukuma mwenyewe, kama nilivyousukuma mimi.

Vituo vya vijana: mkipanga zamu za dakika 30 kwa kompyuta, msishangae vijana wanacheza mpira tu. Dakika 30 hazitoshi hata kuwasha moto kwenye gemu inayohitaji akili na mipango. Mpeni mtu saa mbili mara moja kwa wiki badala ya vipande vinne. Muda ni ule ule, matumizi hayafanani.

Walioshika mistari ya kambi: tuonyesheni ukurasa. Sisemi mtukabidhi pedi yote. Najua haitatokea mwaka huu. Tuonyesheni tu namba. Mlipotugawa makundi manne mlihesabu nini? Mtoto alihesabiwa ngapi, cherehani ilihesabiwa ngapi, mguu mbovu ulihesabiwa ngapi? Bandikeni kwenye ubao wa bloku kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kiarabu, kwa Kirundi, kila mtu asome. Gemu ya kuchezea imemwonyesha mshona nguo kila namba yake. Ofisi haiwezi kushindwa na gemu.

Na wewe wa moja-moja: mimi nipo sokoni, upande wa mafundi cherehani, mpaka saa kumi na moja jioni. Ukitaka kubishana, karibu, kigoda kipo. Lakini uje na namba.